Leo usipige dawa: shajara ya mradi wa machungwa

Januari, wiki ya kwanza

Sisi ni kikundi kidogo chenye chumba kimoja Ngara, hapa Nairobi. Wawili wanatunga programu, mmoja amesomea wadudu, nami kazi yangu ni kukaa na wakulima na kuandika. Mashamba yako Makueni: mengi upande wa Wote na Kathonzweni, machache chini zaidi kuelekea Kibwezi. Machungwa ya huko ndiyo yanayoshushwa alfajiri Marikiti, soko la jumla la Nairobi, yakipangwa kando ya yale ya Muheza yaliyovuka mpaka kutoka Tanzania. Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kujenga chombo kama chetu, cha kumshauri mkulima kwa simu apige dawa ya wadudu au asipige, awe Kilifi au Tanga, aone tulichoamua na kwa nini.

Lengo tumeliandika ukutani kwa kalamu nene: mkulima apate sababu ya kutosha ya kutopiga dawa leo. Iko miradi mingi ya simu inayotambua wadudu, na ni kazi njema. Lakini mkulima aliyeonyeshwa jina la mdudu bila kuambiwa la kufanya huenda moja kwa moja agroveti, duka la pembejeo na dawa za kilimo, na huko mwenye kumshauri ndiye mwenye kumuuzia chupa. Dawa nyingi hupigwa kwa kalenda, au kwa hofu. Jirani akionekana asubuhi na pampu mgongoni, jioni pampu tatu nyingine zimeshatoka stoo.

Kumhubiria mkulima kwamba dawa ni sumu hakusaidii. Anajua. Yeye ndiye anayeivuta puani, mara nyingi bila glavu wala kitambaa cha kufunika mdomo. Anachokosa ni uhakika kwamba akiacha kupiga hatapoteza mavuno, na mavuno hayo ndiyo karo ya muhula ujao.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1959 wanasayansi wanne wa California, Stern, Smith, van den Bosch na Hagen, waliandika kwamba dawa ipigwe pale tu idadi ya wadudu inapokaribia kiwango ambacho hasara yake itapita gharama ya kuwazuia. Kwa hiyo lazima mtu ahesabu kabla ya kupiga. Tangu hapo ugumu umekuwa kuhesabu: nani ahesabu, lini, ahesabu nini, na namba zikishapatikana nani azisome kabla jua halijazama. Hapo ndipo simu inapoweza kufanya kazi ya maana.

Januari, wiki ya mwisho: funza si mmoja

Marikiti, kabla jua halijachomoza. Wauzaji wa machungwa hutenga yaliyolainika na yaliyotoboka, wakayauza kwa bei ya kutupa au wakayaacha. Tuliwaomba, tukakaa pembeni na visu, tukayapasua moja baada ya jingine. Wapita njia walituuliza tunatafuta nini. Tulikuwa tunatafuta funza, kwa sababu mkulima akipiga simu husema hivyo tu: "Matunda yangu yana funza."

Ndani ya machungwa yale mlikuwa na wadudu wawili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pesa ya dawa itasaidia au itamwagika.

Wa kwanza ni mtoto wa nzi wa matunda. Ni mweupe, hana miguu, hana kichwa kinachoonekana, na mara nyingi huwa wengi ndani ya tunda moja. Kati ya nzi hao msumbufu zaidi ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kuonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Wa pili ni mtoto wa nondo anayeitwa Thaumatotibia leucotreta, mwenyeji wa Afrika hii yetu kusini mwa Sahara. Huyu ana kichwa kigumu cha kahawia na miguu midogo karibu na kichwa, akikomaa hugeuka rangi ya waridi, na kwa kawaida hukaa peke yake ndani ya tunda. Nondo mwenyewe huruka usiku, kwa hiyo mkulima anaweza kuishi naye miaka mingi bila kumwona.

Nzi hutaga ndani ya ganda. Nondo hutaga juu ya ganda, kisha kiwavi akianguliwa anatoboa na kuingia. Akishaingia, dawa inayonyunyizwa juu ya tunda haimfikii. Muda wa kumpata kwa dawa ni mfupi sana, kati ya kuanguliwa na kutoboa, na mkulima anayepiga baada ya kuona tunda limeanguka amechelewa kwa kiwavi yule. Ninalirudia hili kwa kila mkulima ninayekaa naye, na bado naona halijasemwa vya kutosha: tunda lililoanguka linataka mkono wa kuliokota, halitaki pampu. Kiwavi akimaliza kula hutoka, akajificha ardhini na kugeuka pupa, na baada ya muda nondo mwingine yuko hewani. Ukiliokota tunda mapema umemwondoa pamoja na kizazi chake.

Kwa hiyo swali la kwanza la chombo chetu ni hili, na linajibika kwa macho na kisu: funza ana kichwa cha kahawia? Ndiyo au hapana. La pili: yuko mmoja au wako wengi? Hakuna picha inayohitajika hapo, wala bando.

Februari: picha

Kila anayesikia habari zetu huuliza kwanza juu ya picha. Nitaeleza msimamo wetu kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi za miradi kama hii huishia.

Mwaka 2016 Mohanty, Hughes na Salathé walichapisha kazi maarufu. Walifunza kompyuta kwa picha 54,306 za majani ya mimea 14, magonjwa 26. Ilipopimwa kwa picha zilizotengwa kutoka mkusanyiko uleule, ilipatia kwa asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ilishuka hadi asilimia 31 hivi. Waandishi wenyewe waliyaeleza yote mawili waziwazi, lakini wengi wanaoinukuu kazi hiyo huishia kwenye namba ya kwanza. Jani lililotandazwa kwenye karatasi ya kijivu chini ya mwanga mzuri ni kitu kimoja. Jani lililoshikwa kwa mkono wenye vumbi saa saba mchana, nusu kivuli nusu jua, ni kitu kingine.

Hatujaitupa picha. Tumeipa kazi ndogo inayoiweza. Machungwa ya nchi ya joto hubaki na ganda la kijani hata yakiiva, kwa sababu ganda huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke. Tunda lililotobolewa na kiwavi wa nondo hugeuka manjano kabla ya wenzake. Tunda moja la manjano kwenye mti wa kijani ni jambo ambalo kamera ya simu ya kawaida inaliona hata kutoka hatua kadhaa, na tukio hilo humwambia mkulima mti gani aupitie kwanza. Mwenzetu wa programu amefurahia kazi hii kuliko zote.

Tena Nairobi yenyewe imetupa shamba la mazoezi. Kidudu kinachoitwa Trioza erytreae hupenda nchi ya juu yenye ubaridi, na mji wetu uko kama mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Ukienda nyuma ya nyumba nyingi, kutoka Ngara hadi Kikuyu, utakuta mlimau wenye majani yaliyojaa vipele. Geuza jani: chini ya kila kipele mna kishimo, na ndani ya kishimo tunutu, mtoto wa kidudu hicho, amejibana bapa. Tumepiga picha za milimau ya majirani kwa ruhusa yao, asubuhi, mchana na jioni, jani likiwa limelowa na likiwa kavu, kwa simu za bei rahisi zilizokwaruzika kioo. Kama modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa picha, haiwezi kusoma picha ya simu hizo, haina kazi Makueni.

Machi: simu ya mulika mwizi

Wakulima wengi tunaofanya nao kazi hubeba simu ya vitufe shambani. Wenye simu ya kugusa huiacha nyumbani, au iko kwa mtoto aliye sekondari, au haina bando hadi wikendi. Uamuzi umepita: kila jambo la lazima lifanyike kwa kubonyeza nyota, namba na reli, bila intaneti. Simu ya kugusa itaongeza urahisi tu.

Hilo lina masharti yake. Skrini moja ya aina hiyo hubeba herufi 182 tu. Ujumbe wa kawaida hubeba 160. Na Kikamba huandikwa kwa herufi ĩ na ũ, ambazo hazimo katika herufi za msingi za mitandao ya simu. Ukiweka hata moja tu, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na nafasi yake hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Gharama inazidi maradufu kwa sababu ya alama moja juu ya herufi.

Tulijadili siku nzima. Wapo walioona tuandike bila alama, kwani watu hutumiana ujumbe hivyo kila siku wakaelewana. Mwenzetu aliyezaliwa Mbooni alikubali kwa ujumbe wa namba na tarehe, akakataa kwa maelezo ya dawa, ambako neno likisomwa vibaya mtu anaweza kuumia. Tumefuata kauli yake. Ujumbe mfupi hauna alama. Maelezo ya usalama yamerekodiwa kwa sauti, na mkulima hupigiwa simu akasikiliza. Bibi mmoja wa Kathonzweni, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, husikiliza pamoja na mjukuu wake kisha humtuma akahesabu.

Aprili

Mvua. Barabara za ndani hazipitiki kwa boda, na kadi za gundi ndani ya mitego yetu ya nondo zimejaa matope na vumbi lililoganda. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wametutengenezea vifuniko vya bati vyenye pembe iliyorefushwa pande mbili. Vinafanya kazi. Mwezi huu hakuna zaidi.

Mei: joto lililojumlishwa

Mtego wenye harufu ya jike hunasa nondo dume tu. Namba yake inaonyesha kwamba madume yanaruka. Haionyeshi ni matunda mangapi yatatobolewa. Ndiyo maana tunataka namba mbili kila wiki: nondo walionaswa, na matunda yaliyoanguka chini ya miti mitano iliyofungwa utepe mwekundu, yakapasuliwa. Miti ileile kila wiki, kwa sababu ukibadilisha miti unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Namba ya tatu mkulima haihesabu, tunamhesabia. Wadudu hawana joto la mwili la kudumu kama letu. Hukua upesi kukiwa na joto na hujikokota kukiwa na baridi. Chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kiwavi wa nondo huyu karibu anasimama kukua. Basi kila siku tunachukua joto la juu na la chini, tunapata wastani, tunatoa 12. Tuseme ni siku ya joto: juu 30, chini 18, wastani 24, kinachobaki ni 12. Mwezi wa saba kukipoa: juu 25, chini 13, wastani 19, kinachobaki ni 7. Ukijumlisha siku baada ya siku, unajua mayai yaliyotagwa wiki ile yamefika wapi, na lini nondo wapya watatoka. Kwa kalenda ya ukutani, wiki tatu za Februari na wiki tatu za Julai ni sawa. Kwa mdudu, za Julai ni kama nusu yake.

California hesabu hii ni ya siku nyingi. Chuo kikuu cha huko kina kikokotoo kinachomsaidia mkulima wa michungwa kujua lini watoto wa kidugamba chekundu, mdudu mdogo anayeishi chini ya gamba lake, watatembea juu ya majani, muda pekee ambao hawajajifunika gamba. Mkulima hujipangia wiki ya kukagua badala ya kupiga mara kwa mara kwa kubahatisha. Tumeuchukua mpango wa hesabu, siyo namba zao. Mdudu wetu ni mwingine na baridi yetu ni nyingine.

Joto tunalipata wapi? NASA hutoa takwimu za kila siku bila malipo, lakini mraba mmoja wa takwimu hizo una zaidi ya kilomita 50 kila upande. Ndani ya mraba mmoja wa Makueni mna mlima wenye ukungu na bonde linalochoma. Kwa hiyo tumetundika vipimajoto vichache kwenye kivuli, ndani ya mashamba ya wakulima waliokubali, na tunavitumia kusahihisha namba za setilaiti. Anayetaka kuiga asiruke hatua hii.

Juni: wanaofanya kazi bila kulipwa

Mzee mmoja wa Kathonzweni alinishika mkono akanipeleka kwenye mti ambao hajaupiga dawa tangu mwaka jana. "Angalia hapa, kijana wangu," akasema, akigeuza jani lenye vidukari. Vidukari wengine walikuwa wamevimba, rangi ya shaba, wameganda, kila mmoja na tundu mgongoni. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama alikuwa ametaga ndani yao, watoto wake wakawala na kutoka. Mzee hakulijua jina la nyigu huyo. Alijua kwamba mti ule hauna shida ya vidukari na mti wa jirani uliopigwa dawa unayo.

Chombo chetu sasa kinauliza pia juu ya hawa. Umeona vidukari vilivyoganda? Umeona mbawakawa wadogo wenye madoa? Jibu la ndiyo linasogeza mbele siku ya kufikiria dawa. Historia ya michungwa inaunga mkono. California, miaka ya 1880, kidugamba cheupe chenye pamba kutoka Australia kilikaribia kumaliza mashamba yote. Mwaka 1888 akaletwa mbawakawa mdogo mwekundu, Rodolia cardinalis, kutoka hukohuko Australia, na ndani ya muda mfupi kidugamba kikatulia. Miaka ya 1940 wakulima walipoanza kupiga dawa ya DDT, mbawakawa wakafa na kidugamba kikarudi. Na hapa kwetu, kwenye mashamba ya Kwale na Kilifi, sisimizi waitwao maji moto, wanaoshona majani kuwa viota, huwinda wadudu wengi mitini, ingawa mchumaji akipanda mti huo huumwa sawasawa. Kusini mwa Uchina wakulima wamekuwa wakiweka viota vya jamaa zao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,500.

Juu ya nzi wa matunda, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho hapa Kasarani, kilimleta kutoka Hawaii nyigu anayetaga ndani ya mayai ya nzi. Ili nyigu kama huyo aishi, matunda yaliyookotwa yawekwe kwenye hema lenye wavu ambao matundu yake yanampitisha nyigu na kumzuia nzi. Asiye na hema ayafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ayaache juani hadi yaive kwa joto, au ayafukie nusu mita kwenda chini. Kufukia juujuu hakusaidii.

Na nyuki. Kibwezi ni nchi ya asali. Mizinga inaning'inia hata ndani ya mashamba ya michungwa. Mti ukiwa na maua, chombo hakitoi ushauri wa kupiga dawa kwa hali yoyote. Hilo tumelifunga ndani ya programu, halibadilishwi na mtumiaji.

Juni, baadaye: ugonjwa usio na tiba

Liko jambo moja ambalo kuhesabu hakutoshi. Trioza yule wa milimau ya Nairobi hubeba bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kijani, ambao matunda yake hubaki madogo, machungu na yaliyopinda, na mti hufa polepole. Aina ya Afrika ya bakteria hao haipendi joto, kwa hiyo mashamba ya chini yalikuwa na unafuu. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kuwa aina ya Asia, inayostahimili joto, ipo Kenya. Na kidudu cha Asia kinachoieneza, Diaphorina citri, kimeshaonekana pwani. Wakulima wa upande wa Kibwezi wanastahili kuambiwa hili bila kutishwa.

Majani yenye ugonjwa huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana upande wa kulia na wa kushoto wa mshipa mkuu. Jani lililokosa madini ya zinki nalo huwa manjano, ila pande zake hulingana. Picha inaweza kusaidia kutenga, lakini uthibitisho ni wa maabara. Kwa hiyo hapa chombo hakiamui kitu. Kinampeleka mkulima kwa afisa wa kilimo, kinamwambia asichukue vikonyo vya kupandikiza kutoka mti huo, na kinamkumbusha anunue miche kwenye kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Mwenzetu wa wadudu alisisitiza tuandike kwa maneno makubwa kwamba kupiga dawa hakuponyi mti ulioambukizwa. Tumeandika.

Julai: namba hizi ni za nani

Anayejua shamba lipi lina matunda mangapi na yataiva lini, anajua pia wa kumbana bei. Dalali akipata orodha yetu kabla ya mavuno, tumemuuza mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa na sababu maalum ya kukusanya, na tungefanya hivyo hata kama sheria isingekuwepo. Mahali pa shamba tunapahifadhi kwa kiwango cha kata. Namba za mavuno hatuziombi. Mkulima akibonyeza namba ya kufuta, kumbukumbu zake zinafutika, na mwenyewe hupata ujumbe wa kuthibitisha.

Lakini namba za wadudu zikiunganishwa, bila majina, zinafundisha. California watafiti walikusanya kumbukumbu za wakulima wenyewe na wakaguzi wao, na zikawafungulia maswali: mdudu mmoja, jamaa ya senene, anayejulikana kwa kutafuna machungwa machanga, hayadhuru machenza kwa kiwango hicho. Kanuni za machungwa zilikuwa zimeazimwa tu na kupelekwa kwa machenza. Sisi pia tuna wenye machenza. Tumewatenga kwenye hesabu tangu mwanzo.

Agosti: "nani atalipa karo?"

Kikao chini ya mwembe, Kathonzweni. Mama mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mwanangu, simu yenu ikiniambia nisipige, na matunda yakaanguka, nani atalipa karo?"

Nimeliwaza swali hilo tangu siku ile. Mkulima akipiga dawa na kupata hasara, husema alijitahidi. Akiacha kupiga na kupata hasara, hujilaumu, na nyumbani watamlaumu. Chombo kinachosema usipige kinamwomba abebe lawama ambayo dawa humwondolea. Hatuwezi kumlipia karo, na hatutamwahidi. Tunachoweza ni kupunguza urefu wa hatari anayoibeba na kumwonyesha msingi wake.

Kwa hiyo tumeandika upya ujumbe wote. Hakuna unaosema usipige na kunyamaza. Kila mmoja una namba tatu na siku moja: nondo walionaswa, matunda yaliyoanguka na kukutwa na kiwavi, joto lilivyojumlika, kisha "ngoja hadi Alhamisi, hesabu tena." Kungoja siku chache ni jambo ambalo mtu anaweza kulitetea mbele ya mume, mke au mkwe. Namba zikipanda, ujumbe unabadilika siku hiyohiyo: okota matunda yote, toa yaliyotoboka mtini, na kama ni nzi tumia chambo cha protini kwenye sehemu ndogo tu ya majani ya kila mti badala ya kulowesha mti mzima. Dawa ya kunyunyiza mti wote ni ya mwisho, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizo kwenye kibandiko cha chupa.

Mama yule ameamua mwenyewe jinsi atakavyojaribu: mistari ya upande wa mto ataifanya kwa simu, ya upande wa barabara ataendelea kama zamani, na ataweka matunda yaliyoanguka ya kila upande kwenye debe lake. Tumewaomba wengine wafanye vivyo hivyo. Ni jaribio bora kuliko lile tulilokuwa tumelipanga mezani Ngara.

Septemba: kabla ya vuli

Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na machipukizi mapya yatakuja nayo, na wadudu wanaopenda majani machanga. Tumezungumza na wenye agroveti wawili kule Wote. Mmoja alitusikiliza kwa shaka, kisha akauliza faida iko wapi kwake. Swali halali, duka haliishi kwa nia njema. Amekubali kuweka mitego, vidonge vya harufu, chambo cha protini na mifuko mieusi karibu na kaunta, avione vinauzwaje msimu mmoja. Ikiwa mkulima atatumiwa ujumbe wa kutumia chambo na akakuta dukani chupa za dawa tu, kazi yetu yote imeishia mlangoni.

Soko la nje pia linasukuma upande huo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa idhini ya klopairifosi, dawa ya kuua wadudu, mwaka 2020, na tangu Januari 2018 unataka machungwa yanayoingia kwake yathibitishwe kuwa hayana nondo yule. Malimau na ndimu hayamo kwenye sharti hilo. Wakulima wetu wengi huuza Nairobi tu, na mimi naamini mlaji wa Nairobi anastahili tunda safi kama mlaji wa Rotterdam.

Yaliyobaki kabla ya mvua: sauti za Kikamba za ujumbe mpya zirekodiwe na yule bibi azisikilize kwanza, kiwango cha kuchukua hatua kwa machenza kipitiwe na mtaalamu wa wadudu kutoka nje ya kikundi chetu, vipimajoto viwili vya Kibwezi vibadilishwe betri. Mitego mipya inaondoka kesho na matatu ya Wote. Vidonge vya harufu visafirishwe kwenye kijisanduku chenye barafu, vikabidhiwe mkononi, viwekwe frijini hadi siku ya kutundikwa.